Wauguzi waliofia kazini: Kumbukumbu zao zina funzo kwako

Ukipita Kenyatta Avenue jijini Nairobi, utaona sanamu ya askari na wapagazi iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kila siku maelfu ya watu hupita hapo, wengine wakiisoma, wengine wakiitegemea kama mahali pa kukutania. Lakini je, msomaji, umewahi kuona sanamu ya nesi? Umewahi kusimama mbele ya jiwe lenye majina ya wauguzi, wakunga, madereva wa ambulensi na wafagiaji wa wodi waliokufa kwa sababu ya kazi yao?

Huenda hujawahi. Si kwamba watu hao hawakuwepo. Walikuwepo, na wengine walikufa karibu nasi kuliko unavyodhani. Kumbukumbu zao zipo pia, ingawa aghalabu hazikuchongwa kwa shaba. Nyingine ni kaburi katika uwanja wa hospitali, nyingine ni tarehe katika kalenda, na nyingine ni jina la virusi katika maabara. Leo tutazitazama baadhi yake na kueleza kila moja inatufundisha nini kuhusu afya yetu, kwani nyuma ya kila jina kuna jambo lililokosekana: glavu, sindano safi, chanjo, au heshima kwa alama ya hospitali.

Meli iliyoondoka Mombasa

Tuanze na pwani yetu. Mnamo Februari 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Vilevile mlikuwa na wauguzi wa kijeshi zaidi ya 50 waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi wa vita vya Burma.

Februari 12, meli hiyo ilipigwa na manowari ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu, na zaidi ya watu 1,200 wakafa maji. Wanawake walionusurika walihesabika kwa vidole.

Ukienda kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, utakuta mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Humo yamo majina ya askari wetu waliozama na meli hiyo. Majina ya wauguzi hayako hapo. Yako mbali, katika mnara wa Brookwood nchini Uingereza. Kwa hiyo watu waliosafiri meli moja na kufa saa moja wanakumbukwa katika mabara mawili tofauti, kila mmoja kwa jeshi lake. Hapo ndipo unapoona kuwa mnara ni uamuzi wa watu: mtu huamua nani aandikwe, wapi, na pamoja na nani. Asiyeandikwa husahaulika upesi.

Jina lililobaki maabarani

Sasa tuvuke mpaka hadi Kongo, ambayo wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi hiyo. Mgonjwa alishikwa na homa kali, kichwa kikamuuma, akatapika, akaharisha, na wengine wakatokwa na damu. Ugonjwa huo baadaye uliitwa Ebola, jina la mto ulio katika eneo hilo. Watu 318 waliugua na 280 kati yao wakafa.

Ulieneaje? Hospitali ya misheni ya Yambuku ilihudumia mamia ya wagonjwa kila siku. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano tu ya sindano. Baada ya kumdunga mgonjwa mmoja, sindano ilioshwa kwa maji ya vuguvugu na kutumiwa kwa mwingine. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo vifaa vilivyokuwepo. Hata hivyo, sindano hizo ndizo zilizobeba virusi kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine, na kutoka kwa wagonjwa hadi kwa wauguzi. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa. Hospitali ikafungwa kwa kukosa wa kuiendesha, na kufungwa kwake kukasaidia kuukata mnyororo wa ugonjwa.

Mtawa wa Kibelgiji aliyeugua huko alisafirishwa hadi hospitali ya Ngaliema mjini Kinshasa. Miongoni mwa waliomuuguza alikuwamo msichana mmoja, nesi Mayinga N'Seka, mwenye umri wa miaka 22. Naye akaambukizwa, na akafariki Oktoba mwaka huohuo. Virusi vilivyopatikana katika damu yake vilihifadhiwa, na mpaka leo wanasayansi kote duniani huviita aina ya Mayinga. Chanjo na dawa nyingi za Ebola zimejaribiwa kwa kupimwa dhidi ya virusi hivyo.

Ni kumbukumbu ya ajabu kidogo, kwani jina la muuguzi limebandikwa kwenye kitu kilichomuua. Lakini fikiria: ingekuwa si hivyo, nani nje ya jamaa zake angemjua leo? Funzo lake kwa msomaji ni jepesi. Sindano moja ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha inatupwa kwenye sanduku lake. Uendapo hospitali au kwa daktari wa mtaani, una haki ya kuona pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele yako. Ukiona inatolewa kwenye sahani ikiwa tayari imefunguliwa, uliza. Huwi mkorofi kwa kuuliza.

Kikwit: kabla ya glavu na baada ya glavu

Miaka 19 baadaye, mwaka 1995, Ebola ilirudi Zaire, mara hii katika mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Ugonjwa ulishika kasi baada ya mfanyakazi mmoja wa maabara kupasuliwa tumbo hospitalini. Madaktari na wauguzi waliokuwa katika chumba cha upasuaji hawakujua wanashughulika na Ebola.

Miongoni mwa waliokufa walikuwa watawa sita wa Kiitaliano wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo. Walikufa mmoja baada ya mwingine katika muda wa takriban mwezi mmoja, Aprili na Mei. Mmoja alimuuguza mgonjwa, akaugua. Mwenzake akaja kumuuguza huyo, naye akaugua. Mwaka 2021 Kanisa Katoliki liliwatangaza kuwa Waheshimiwa, hatua mojawapo ya kuelekea kutajwa watakatifu.

Pamoja na kuwasifu masista hao, jambo lililofuata lafaa kukumbukwa vilevile. Vilipowasili Kikwit glavu, barakoa, aproni, miwani ya kinga na mafunzo ya kuvitumia, maambukizi mapya miongoni mwa wahudumu yalikaribia kukoma kabisa. Virusi ni vilevile, wagonjwa ni walewale, na wauguzi ni walewale. Kilichobadilika ni vifaa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kufa ni sehemu ya wito wa uuguzi, mkumbushe Kikwit. Wito ni kuuguza. Vifo vingi kati ya hivyo vingeweza kuzuiwa kwa vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko gharama ya jeneza.

Makaburi ya Lacor

Kumbukumbu inayotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki iko kaskazini mwa Uganda, katika Hospitali ya St Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu. Ndani ya uwanja wa hospitali hiyo kuna makaburi. Moja ni la Dkt Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada aliyefika hapo mwaka 1961 pamoja na Dkt Piero Corti wa Italia, ambaye alikuja kuwa mumewe. Wakati wa vita, Dkt Lucille aliwapasua majeruhi wengi wenye risasi na vipande vya mifupa vyenye ncha kali. Humo ndimo alimopata virusi vya Ukimwi. Aligunduliwa navyo mwaka 1985, akaendelea na kazi kwa miaka mingi, na akafariki Agosti 1, 1996.

Kando yake amelala Dkt Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum aliyejiunga na hospitali hiyo mwaka 1983 na baadaye akawa msimamizi wake. Watu wa Gulu walimjua muda mrefu kabla ya Ebola. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989, waasi walivamia hospitali wakitaka kuwachukua watawa. Dkt Lukwiya aliwaambia kuwa yeye ndiye mkubwa wa hospitali, wamchukue yeye. Wakamchukua, wakatembea naye porini kwa wiki moja, kisha wakamwachilia.

Mnamo Oktoba 2000 alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wa Lacor walikuwa wakifa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi mara moja. Usiku huo alisoma majalada ya wagonjwa na vitabu vya maradhi, akashuku kuwa ni Ebola. Hakungoja majibu ya maabara ya Afrika Kusini. Alitenga wodi maalum, akawataka wahudumu wajitolee kwa hiari kufanya kazi humo, na akaagiza kila anayeingia avae mavazi ya kujikinga. Majibu yalipokuja siku chache baadaye, yalithibitisha hofu yake.

Ugonjwa huo ulikuwa Ebola aina ya Sudan. Mwezi wa Novemba ulikuwa mchungu kwa Lacor. Wauguzi waliendelea kufa, na baada ya watatu kufa katika muda wa siku moja, wenzao walikasirika na kuogopa. Mamia yao walikusanyika katika mkutano, wengi wakitaka hospitali ifungwe. Dkt Lukwiya alisema nao kwa saa nyingi. Aliwaambia kuwa anayetaka kuondoka aondoke, bali yeye atabaki hata akibaki peke yake. Wengi walirejea kazini.

Siku chache kabla ya hapo, muuguzi mmoja aliyekuwa amelazwa na Ebola alitoka kitandani usiku huku akivuja damu. Dkt Lukwiya aliitwa. Alivaa barakoa, kofia, gauni na glavu, lakini macho hayakuwa na miwani ya kinga. Inaaminika kwamba hapo ndipo alipoambukizwa. Alishikwa na homa mwishoni mwa Novemba na akafariki Desemba 5, 2000. Alizikwa siku hiyohiyo na watu waliovaa mavazi ya kujikinga kuanzia utosini hadi miguuni. Jamaa na wafanyakazi wenzake walisimama mbali.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini wanyimwe hata kumgusa mtu wao? Sababu ni hii. Ebola huenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa. Mgonjwa anapokaribia kufa, virusi huwa vingi mno mwilini, na havifi papo hapo baada ya yeye kukata roho. Kuosha maiti, kuikumbatia au kuibusu ni njia moja kubwa ya kueneza ugonjwa huo. Mazishi ya haraka yasiyo na kugusana ndiyo yaliyowanusuru waliobaki.

Mkurupuko huo ulitangazwa kwisha Februari 2001. Watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamekufa. Hasara hiyo ni kubwa, lakini zaidi ya watu 200 waliugua na kupona, na ugonjwa haukuenea nchi nzima. Lacor yenyewe ilipoteza wahudumu zaidi ya 10.

Jambo hili si la kale. Mwaka 2022 Ebola aina ileile ya Sudan ilizuka wilayani Mubende, Uganda, ikawaua watu 55 waliothibitishwa kuwa nayo, wakiwemo wahudumu 7 wa afya. Na Januari 2025, mtu wa kwanza kuthibitishwa katika mkurupuko mwingine jijini Kampala alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, na tayari alikuwa amefariki. Chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa mwaka 2019 hukinga dhidi ya aina ya Zaire. Haikingi dhidi ya aina ya Sudan. Kwa ugonjwa huo, ngao ya kwanza ya muuguzi bado ni ileile aliyoidai Dkt Lukwiya: kumshuku mgonjwa mapema, kumtenga, na kuvaa mavazi kamili.

Manyatta ya Wajir

Kumbukumbu nyingine iko humu nchini. Mwaka 1969 mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, alikuja Kenya kama mwalimu na akaishi Wajir. Aliwaona wafugaji wakifa kwa kifua kikuu. Dawa zilikuwepo, lakini tiba ilihitaji miezi mingi, na mfugaji hawezi kukaa hospitalini muda wote huo huku mifugo ikihama kufuata malisho. Akijihisi nafuu kidogo, aliondoka kabla ya kumaliza dozi, na ugonjwa ukarudi ukiwa sugu.

Annalena na wenzake walipata njia. Wagonjwa walijengewa makao ya kienyeji karibu na mji, wakaishi humo kama nyumbani, na kila siku wakameza dawa zao mbele ya mhudumu. Hiyo ndiyo TB Manyatta, jina ambalo bado liko midomoni mwa watu wa Wajir. Utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akitazamwa ulikuja kusambazwa duniani kote na Shirika la Afya Duniani.

Aliondoka Kenya katika miaka ya 1980, baada ya kupaza sauti kuhusu mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, akaendelea na kazi yake kwa Wasomali. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimtunukia tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi na kufa katika hospitali yake mjini Borama, kaskazini mwa Somalia.

Ikiwa una jamaa anayetumia dawa za kifua kikuu, basi kumkumbusha kila siku ameze dozi yake mpaka mwisho, hata akiwa amenawiri, ni kuendeleza kazi ya mama huyo.

Alama nyekundu na tarehe mbili

Si wote waliouawa na maradhi. Wengine, kama Annalena, waliuawa na binadamu. Juni 4, 1996, wajumbe watatu wa Msalaba Mwekundu waliuawa mkoani Cibitoke, Burundi. Desemba 17 mwaka huohuo, wafanyakazi sita wa shirika hilo, wengi wao wauguzi, walipigwa risasi katika hospitali ya Novye Atagi huko Chechnya wakiwa wamelala. Aprili 26, 2001, wengine sita waliuawa katika eneo la Ituri, Kongo. Wanne kati yao walikuwa Wakongomani. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwani watu wengi hudhani mfanyakazi wa misaada ni mgeni kutoka Ulaya. Ukweli ni kwamba wengi wanaouawa ni wenyeji wa nchi yenye vita.

Alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu si pambo. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema kwamba mahali au gari lenye alama hiyo lisishambuliwe, na yule aliyemo ahudumie majeruhi wa pande zote. Ulinzi wake hauna bunduki. Hutegemea watu kuiheshimu tu. Ndiyo maana duka la dawa au zahanati ya mtaani haipaswi kujichorea alama hiyo kama tangazo. Ikitumiwa ovyo wakati wa amani, itadharauliwa wakati wa vita.

Ziko tarehe mbili katika kalenda zinazofaa kukumbukwa. Mei 12 ni Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Agosti 19 ni Siku ya Huduma za Kibinadamu Duniani. Tarehe hii ilichaguliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008 kwa sababu Agosti 19, 2003, bomu lililipua makao ya umoja huo mjini Baghdad na kuwaua watu 22, akiwemo mjumbe mkuu Sergio Vieira de Mello.

Msiba wa Korona

Wakenya tulipata msiba wetu mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulithibitishwa nchini mwezi Machi. Julai 10, Dkt Doreen Lugaliki, daktari wa magonjwa ya wanawake, alifariki na kuwa daktari wa kwanza wa Kenya kuuawa na ugonjwa huo. Wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wengine walimfuata. Kufikia Desemba, wauguzi, maafisa wa kliniki na kisha madaktari waligoma. Miongoni mwa madai yao yalikuwa mavazi ya kujikinga na bima ya matibabu.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya wahudumu 80,000 na 180,000 walikufa kwa Korona kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Tazama upana wa kadirio hilo. Tofauti ya watu 100,000 inatokana na nchi nyingi kutoandika kazi ya marehemu. Wengi walihesabiwa kama wagonjwa wa kawaida. Kabla ya kujenga mnara, basi, lazima kuwe na daftari.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha ya kazini inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mfanyakazi akifa kwa ajali au maradhi yatokanayo na kazi, wategemezi wake wana haki ya fidia ya mishahara ya miezi 96. Lakini familia haiwezi kudai ikiwa hakuna mahali palipoandikwa kuwa aliugua akiwa kazini. Kumbukumbu ya karatasi ndiyo inayolisha mayatima.

Ufanye nini?

Ikiwa wewe ni muuguzi au mhudumu, au unaye nyumbani, zingatia haya. Pata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Watu wengi huogopa Ukimwi tu, ilhali sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi humwambukiza mtu takriban mara 3 katika kila 1,000. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kumwambukiza asiyechanjwa hata mara 30 katika kila 100. Chanjo yake hudungwa mara tatu, nayo hukinga vizuri.

Ukijidunga kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi. Usikamue kidonda wala usitie jiki. Mwarifu mkubwa wako saa hiyohiyo na uhakikishe tukio limeandikwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, na zimezwe kwa siku 28. Wengi huona haya kusema, wakidhani wataonekana wazembe. Haya hiyo imewazika watu.

Ikiwa wewe ni mgonjwa au jamaa ya mgonjwa, sema kweli unapoulizwa ulisafiri wapi, ulimzika nani, na homa ilianza lini. Ukificha, unayemhatarisha kwanza ni yule aliyeinama kukuhudumia. Mwache nesi avae glavu bila kunung'unika kwamba anakuonea kinyaa. Mwache anawe mikono kabla ya kumgusa mtoto wako, hata kama foleni ni ndefu.

Na ikiwa hospitali au kijiji chenu mnataka kuweka kumbukumbu ya waliokufa kazini, shaurianeni na familia kwanza. Andikeni majina yote kwa usawa: daktari, nesi, mkunga, dereva, mfagiaji, mpishi na mlinzi. Msitaje ugonjwa uliomuua mtu ikiwa familia haitaki. Wekeni jiwe hilo mahali ambapo wafanyakazi hupita, si nyuma ya jengo. Kisha teueni siku moja kwa mwaka ya kusoma majina hayo. Siku hiyohiyo, msimamizi wa stoo aeleze mbele ya watu wote zimebaki glavu ngapi, barakoa ngapi, na masanduku mangapi ya kutupia sindano.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya waliokufa ni kutajwa. Haki ya wanaoingia zamu leo usiku ni kupewa vifaa. Ukienda hospitalini wiki hii, tazama kama bomba la kunawia mikono mlangoni mwa wodi linatoa maji na kama sabuni ipo. Ikiwa halitoi, mwambie msimamizi. Usipopata jibu, mwambie mwakilishi wako wa wadi, kwani hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti na bajeti yake hupitishwa na watu uliowachagua.